Bibi Aliyeezua Nyumba Yake

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba na kuota moto. Itikieni kama watu waliotoka shambani, vidole vimekufa ganzi. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kimoja juu milimani. Kijiji cha baridi. Kipupwe kikiingia, maji ya mtungini yanauma meno. Ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi. Mtu akisema neno, neno linatoka na moshi.

Wakati wa mvua, watu wa kijiji hicho walilima mlimani, mahindi na ulezi. Mvua ikikatika na mlima ukikauka, walishuka bondeni kwenye unyevu, wakalima vinyungu. Kinyungu ni kishamba cha bondeni, matuta yake yamezungukwa na mifereji, maji yanapita polepole. Humo walipanda maharage. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kipupwe. Kuinama na kupalilia, kuzibua mfereji, kuinama tena. Miguu kwenye tope la baridi tangu asubuhi hadi jua linapoelekea mlimani.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aliyeitwa Tulinagwe. Mumewe ni Lutengano, mtu wa maneno machache. Waliishi nyumba moja na mama yake Lutengano, Bibi Sekalinga, mjane, mzee aliyenyooka mgongo bado, ila magoti yalishaanza kumsaliti.

Bibi Sekalinga alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla jembe halijagusa udongo, alisimama ukingoni mwa kinyungu, akaweka jembe chini, akasema:

"Tumeamka. Tuna mikono. Tunashukuru."

Na watu wa nyumba yake waliitikia, "Tunashukuru." Basi. Hakuongeza neno. Akainama, akalima. Tche, tche, tche.

Tulinagwe alipoolewa aliipenda desturi hiyo. Aliitikia kwa sauti safi, na alipozaa binti, wakamwita Lusungu, alimfundisha naye kuitikia. Mtoto hakuweza kulitamka neno lote. Alisema, "Kuru." Watu wa vinyungu jirani walikuwa wakimsikia, wanacheka, wanaanza kazi na mioyo myepesi.

Lusungu alikufa masika ya mwaka mmoja. Alikuwa na miaka mitatu. Homa ya siku nne.

Masika yale yale, viwavi walishuka kwenye mahindi. Walikula majani, wakala mabua, wakala hata matumaini ya watu. Kipupwe kikaingia na maghala mengi yako matupu. Kijiji kizima kikatazama bondeni. Maharage ya vinyungu ndiyo yaliyobaki, chakula ni hayo, mbegu ni hayo.

Basi asubuhi ya kwanza ya kazi, Bibi Sekalinga alisimama ukingoni, akaweka jembe chini.

"Tumeamka. Tuna mikono. Tunashukuru."

"Tunashukuru," akaitikia Lutengano.

Tulinagwe akanyamaza. Alikuwa ameangalia mfereji, mahali ambapo mtoto alizoea kuketi akichezea tope.

"Mke wangu," Lutengano akasema kwa sauti ya chini, "itikia."

"Sina cha kuitikia."

"Itikia tu. Mama anangoja."

Bibi Sekalinga akamgeukia mwanawe. "Mwache. Neno la kusukumwa halifiki popote. Nitaitikia mimi kwa niaba yake mpaka atakapoweza."

Akasema tena, "Tunashukuru." Kisha akainama, akalima. Tche, tche, tche.

Ikawa hivyo kila siku. Mara moja la kwake, mara ya pili la mkwewe. Tunashukuru. Tunashukuru. Na kila siku lile la pili lilimchoma Tulinagwe kifuani kama mwiba. Hakulitaka. Hakuwa amemtuma mtu.

Siku moja, wakiwa wawili tu wanapalilia, alishindwa kuvumilia.

"Mama, nisamehe nikuulize. Unamshukuru Mungu kwa lipi? Mwaka huu ametuachia nini?"

Bibi Sekalinga hakuacha kupalilia. Alimaliza tuta alilokuwa nalo, akajifuta tope mikononi, ndipo akajibu.

"Nimezaa saba, mwanangu. Nimezika watano. Huyu mumeo na dada yake aliyeolewa mbali ndio waliobaki. Hata mara moja sijashukuru kwa kaburi. Usije ukadhani hivyo. Watano hao, kila mmoja nilimlilia mpaka majirani wakaogopa."

"Sasa unashukuru nini?"

"Kilichobaki mkononi. Nikikisahau nitakiangusha. Niliwahi kukiangusha. Alipokufa wa tatu, nilikaa mwaka mzima nikitazama kule alikokwenda, na mumeo alikuwa mdogo, akawa anakula kwa majirani kama yatima, na mimi mama yake niko hai."

Tulinagwe alimhurumia mama mkwe wake, lakini hasira yake haikuondoka. Hasira si kuku, ukiikemea itoke ndani.

Siku zikaenda. Maharage yakapanda, yakafika magotini, yakaanza kutoa maua meupe.

Alasiri moja upepo ulikoma ghafla. Kimya. Mawingu yote yakaondoka, mbingu ikawa tupu na kali, samawati ya kuumiza macho. Ng'ombe malishoni wakaanza kusongamana, ubavu kwa ubavu, na jua bado liko juu. Bibi Sekalinga akanyoosha mgongo. Akalamba kidole, akakiinua juu. Hakuna upepo. Akagusa udongo. Kisha akamwita mwanawe.

"Lutengano. Waite watu wa vinyungu vyote. Kesho alfajiri jalidi itashuka bondeni."

Jalidi mnaijua? Umande unaganda juu ya majani, unakuwa mweupe kama chumvi. Jua likitoka, jani linanywea, linakuwa jeusi. Kinyungu cha miezi miwili kinakufa kabla ya uji wa asubuhi.

Watu wakakusanyika. Bibi Sekalinga akawaambia, maharage yafunikwe kwa nyasi kavu kabla jua halijazama. Aliyesimama mbele ni Mzee Kiswaga, ambaye kinyungu chake kilikuwa chini kuliko vyote, penye udongo mweusi mzuri. Alikuwa mtu mwema, lakini mbishi.

"Mama Lutengano," akasema, "jua linawaka. Na hata kama ni kweli, nyasi tutazitoa wapi? Moto wa wawindaji umelamba milima yote. Tazama. Hakuna hata ya kutandika kiota."

Ilikuwa kweli. Milima yote ilikuwa myeusi. Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema labda Mungu ataisimamisha jalidi. Mwingine akasema tuombe.

"Tutaomba," akasema Bibi Sekalinga. "Lakini nyasi zipo. Ziko juu ya kichwa changu."

Hawakumwelewa. Akaanza kupanda mlima kurudi kijijini, magoti yakilia, na Lutengano na Tulinagwe nyuma yake, na watu wengine wakifuata kwa kutaka kuona. Alipofika nyumbani kwake aliweka ngazi ukutani, akapanda. Akashika mganda wa kwanza wa nyasi za paa, akauvuta. Chwaa! Vumbi na masizi yakamwagika. Akautupa chini. Akashika wa pili. Chwaa!

"Mama!" Lutengano akalia. "Unaezua nyumba. Utalala wapi na baridi hii?"

"Penye watu. Nyumba haijawahi kuliwa, mwanangu. Maharage huliwa."

Akashika mganda wa tatu, na mguu wake ukateleza. Ngazi ikayumba. Tulinagwe ndiye aliyeiwahi. Aliikumbatia ile ngazi kwa mikono miwili mpaka ikatulia, na akaona miguu ya yule mzee karibu na uso wake, nyayo zilizopasuka kwa baridi, damu imekauka kwenye mipasuko. Miguu hiyo ilikuwa imesimama kwenye tope kila siku, na yeye alikuwa akiisikiliza sauti tu na kuichukia. Hakuwahi kuitazama miguu.

"Shuka, mama," akasema. "Nitapanda mimi."

Akapanda. Akavuta. Chwaa! Chwaa! Chwaa! Lutengano akafunga mizigo. Wakabeba, wakashuka bondeni wakikimbia. Walipofika kwenye kinyungu chao, Tulinagwe akataka kutua mzigo.

"Si hapa," Bibi Sekalinga akasema, akihema. "Shukeni mpaka chini, kwa Kiswaga."

Tulinagwe akamtazama. "Tunaezua nyumba yetu kufunika maharage ya mtu aliyetubishia?"

"Baridi hutiririka kama maji. Hukaa mahali pa chini kwanza. Cha kwake kitakufa chote. Chetu kiko juu kidogo, kitakufa nusu, au hakitakufa. Sijui. Na cha kwake kinalisha watu kumi na moja."

Hapo Tulinagwe alipambana na moyo wake. Msidhani ilikuwa rahisi. Alisimama na mzigo kichwani mpaka shingo ikamuuma. Kisha akashuka. Akafunika maharage ya Kiswaga tuta kwa tuta, kwa nyasi za nyumba alimoolewa, nyasi zenye harufu ya moshi wa jiko lake mwenyewe.

Mzee Kiswaga aliona. Alisimama, mikono inaning'inia. Akageuka, akapanda mlima, na punde si punde watu wakasikia kutoka nyumbani kwake, chwaa! Kisha nyumba ya jirani, chwaa! Kisha kijiji kizima. Chwaa, chwaa, chwaa. Mapaa ya majiko, ya maghala matupu, ya mazizi ya mbuzi, ya nyumba za kulala. Akina mama wakabeba, wazee wakabeba. Wakaacha nyumba nne tu na mapaa yake, kwa ajili ya wagonjwa, wazee na wenye watoto. Jua lilipogusa mlima, bonde lote lilikuwa limevikwa nguo kuukuu nyeusi. Nyasi zilipokwisha, kilichokuwa bado wazi ni nusu ya kinyungu cha Bibi Sekalinga.

Kulipopambazuka, jalidi ilikuwa imeshuka.

Bonde lilikuwa jeupe. Watu walisimama juu wakilitazama. Bibi Sekalinga ndiye aliyetangulia, peku, akiwaonyesha jinsi ya kuondoa nyasi jua linapopanda, taratibu, ili majani yapumue na yasivunjike. Wakafunua tuta moja. Kijani. Wakafunua la pili. Kijani. Kwa Kiswaga, yote kijani, na maua juu. Kukasikika vilio vya furaha huku na huku.

Kwenye kinyungu cha Bibi Sekalinga, nusu ilikuwa kijani. Nusu nyingine, jua lilipoipiga, ilinywea mbele ya macho yao, ikawa kama majani yaliyochemshwa.

Lutengano akachuchumaa, akashika kichwa. Bibi Sekalinga akasimama ukingoni. Akaweka jembe chini.

"Tumeamka," akasema. Kikohozi kikamshika. "Tuna mikono." Kikamshika tena. "Tunashukuru."

Lutengano akaitikia, kwa shida. Yule mzee akafungua kinywa aseme la pili, lile la mkwewe, lakini kikohozi hakikumruhusu. Alikohoa akainama, akashika magoti.

Tulinagwe akamshika mabega. Alitaka kulisema lile neno. Alilitafuta. Halikuwepo. Akaona heri aseme kweli.

"Mama, siwezi kumwambia Mungu hivyo. Bado siwezi. Lakini wewe nakushukuru. Umeniitikia miezi miwili, na mimi nilikuwa nakuchukia kwa ajili hiyo."

Bibi Sekalinga akamtazama. Machozi yalikuwa yakimtoka, ya kikohozi au ya kitu kingine, mimi sijui.

"Inatosha," akasema. "Hiyo nayo inafika."

Jalidi ilishuka mara sita mwezi ule. Kila jioni watu walifunika, kila asubuhi wakafunua, na nyasi zile zikakatika na kuoza, hazikurudi tena juu ya nyumba. Kijiji kizima kikaishi katika nyumba nne. Mnaweza kufikiri. Watu waliokuwa hawasalimiani wakawa wanapokezana ugali. Waligombana pia, kwa sababu ya nafasi, kwa sababu ya moshi, kwa sababu ya mtu fulani aliyekoroma kama gogo linalopasuliwa. Lakini hakuna aliyekufa kwa baridi.

Mzee Kiswaga alikuwa na mjukuu, msichana mdogo, mkubwa kidogo tu kuliko alivyokuwa Lusungu. Tulinagwe alikuwa akimkwepa. Tangu masika alikuwa akiwakwepa watoto wote wa umri ule, akiwaona njiani anapita njia nyingine. Lakini katika nyumba moja utapita wapi? Asubuhi moja, ukungu umejaa mpaka ndani, Tulinagwe ameketi anachambua mbegu kwenye ungo, yule mtoto akaja, hakuomba ruhusa, akajipenyeza chini ya kaniki yake, akamwegemea ubavuni. Tulinagwe akakauka. Mikono ikasimama juu ya ungo. Mtoto alikuwa akitetemeka. Baada ya kitambo, Tulinagwe akaivuta ile kaniki, akamfunika vizuri. Kisha akalia. Alilia kilio alichokuwa hajakilia tangu mazishi, kilio kirefu, na watu wote wa nyumba ile wakaendelea na kazi zao kimya kimya, hakuna aliyemwambia nyamaza. Mtoto naye alishalala.

Maharage yakakomaa. Hakuna aliyevuna mengi, lakini kila nyumba ilivuna, na mbegu zikapatikana. Mzee Kiswaga alimletea Bibi Sekalinga tenga lililojaa. Alilitua mlangoni, akasimama kama mtoto aliyetumwa.

"Mama Lutengano, hii ni kwa ile nusu iliyokufa."

"Ile nusu imeshakufa, Kiswaga. Hili ni tenga jingine. Basi tutapika lote leo, uwaite watu."

Wakapika. Wakala pamoja uani, nyumba zikiwa wazi juu kama vinywa. Kisha vijana na wenye nguvu wakaenda ng'ambo ya mto, mwendo wa kutwa nzima, mahali ambapo moto haukufika, wakakata nyasi. Waliporudi hakuna aliyeuliza waanze na nyumba ipi. Wakaanza na ya Bibi Sekalinga.

Alilala chini ya paa jipya siku ishirini na mbili. Kile kikohozi kilichomshika kwenye jalidi hakikuondoka. Tulinagwe alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimpaka mafuta kwenye zile nyayo. Siku ya mwisho, adhuhuri, mzee alimshika mkono. Tulinagwe alidhani anataka kupewa neno la busara. Watu hupenda kufikiri hivyo. Bibi Sekalinga alisema tu, "Mkono wako una joto." Akafumba macho.

Walimzika ukingo wa juu wa bonde. Mvua ilikuwa haijanyesha bado, na ardhi ilikuwa ngumu kama chungu kilichochomwa. Wanaume walichimba kwa zamu, majembe mawili yakavunjika.

Baada ya matanga, Tulinagwe akajifunga kaniki, akatoka. Akaenda nyumba kwa nyumba. Siku tatu alizunguka. Kila alipofika alisema, "Nimekuja kushukuru." Aliwashukuru waliochimba. Aliwashukuru waliopika. Alimshukuru mwanamke aliyeazima mkeka. Alipofika kwa Mzee Kiswaga, mzee yule aliinuka kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kushukuru."

"Marahaba, mwanangu. Unishukuru mimi kwa lipi? Sisi ndio tungekuja kwako."

"Ulichimba, baba, na umri wako huo. Udongo ulikuwa mgumu. Na mjukuu wako alinipasha joto."

Mzee Kiswaga akainamisha kichwa.

Hiyo ilikuwa nyumba ya mwisho. Lakini Tulinagwe hakurudi nyumbani. Lutengano, aliyekuwa akikarabati boma juu ya mlima, alimwona akishuka bondeni peke yake, mchana kweupe. Hakukuwa na kazi bondeni. Vinyungu vilikuwa vimeshavunwa, matuta yako uchi. Akamwona anasimama ukingoni. Akaona midomo yake inasogea. Alisimama pale muda mrefu, kuliko alivyosimama mama yake Lutengano siku yoyote.

Aliyoyasema hapo hakuna aliyeyasikia. Lutengano hakumuuliza. Nami siwezi kuyatunga.

Lakini hili nitawaambia, enyi mnaonisikiliza. Katika kijiji kile, mpaka leo, kipupwe kikiingia, wa bondeni chini hufunikiwa kwanza, hata awe nani. Na mtu aliyefiwa, asiyeweza kuomba wala kushukuru, hawamsukumi. Humwitikia. Kwa sababu shukrani si deni la kudaiwa mtu akiwa matangani. Hukua polepole, tena mara nyingi huanzia kwa binadamu aliye karibu nawe, ndipo ipande juu kwa Mungu. Asiyeona mkono uliomshikia ngazi, atauonaje mkono uliotandaza mbingu?

Hadithi yangu imefika ukingoni, jembe naliweka chini. Mwenye masikio ameyatumia, na mwenye baridi asogee motoni.